Jinsi ya kuangalia klipu za zamani za Broadway na kubishana kwa hoja

Haya, hii ni kwa wale wenzangu ambao myuzikali za Broadway (yale maigizo ya nyimbo na dansi kwenye kumbi za New York) wamezijulia kwenye simu tu, yani New York hujawahi kukanyaga na sidhani kama kesho unaenda, ila unajua nani aliimba nini mwaka gani na uko tayari kugombana saa nane za usiku na mtu usiyemjua yuko huko Ohio kwa sababu kasema Patti LuPone anapiga kelele. Usione aibu. Hata Wamarekani wenyewe wengi Broadway wameijua kwa TV, tangu enzi za bibi zao, kwa hiyo huu ubishi wote wa nani mkali nani wa kawaida kwa sehemu kubwa ni ubishi wa klipu. Na klipu zina mambo yake.

Ninachotaka kukuonyesha ni kitu kimoja: kabla hujamhukumu mwimbaji, ihukumu klipu kwanza. Ilirekodiwa wapi, nani kaikata, kamera ilikuwa inaangalia nini, na ilikuwa inataka kuuza nini. Ukishajua hayo nusu ya ugomvi inaisha yenyewe, na ile nusu inayobaki ndo tamu.

Anza na klipu imetoka wapi

Ukikuta picha ya kijivu, mtu kavaa vazi lake la shoo, kasimama kwenye seti ndogo ya studio, na mwisho anatokea mzee mmoja mkavuu anapeana nae mkono, basi huyo ni Ed Sullivan. Kipindi chake kilikuwa kituo cha TV cha CBS Jumapili usiku kuanzia 1948 mpaka 1971, na ukumbi wake ulikuwa hapohapo barabara ya Broadway karibu na mtaa wa 53, afu enzi hizo Jumapili kumbi nyingi za Broadway zilikuwa zinafungwa, kwa hiyo waigizaji walikuwa wanasogea mitaa michache tu wanaimba wanarudi kulala. Sa kumbuka kilikuwa kipindi cha mchanganyiko, kabla yako mtu wa sarakasi, baada yako mchekeshaji. Ule usiku wa tarehe 9 Februari 1964 The Beatles walipotokea pale kwa mara ya kwanza na watu kama milioni 73 wakaangalia, shoo hiyohiyo ilikuwa na waigizaji wa myuzikali ya Oliver!, na mmoja wao ni dogo anaitwa Davy Jones ambae baadae alikuja kuwa wa bendi ya The Monkees. Hebu jiweke pale, unaimba wimbo wa tamthilia na ukumbi umejaa mabinti wanaotaka Beatles warudi, afu miaka sitini mbele mtu anaandika "mbona kama hawana hisia".

Ila usidharau hizo dakika za Sullivan. Myuzikali ya Camelot ilifunguliwa Majestic Theatre Desemba 1960 ikiwa imechoka tayari, muongozaji wake Moss Hart alipata mshtuko wa moyo wakati bado wanaijaribu Toronto, na wahakiki hawakuipokea vizuri sana. Hart alivyopata nafuu akarudi akaipunguza akaikaza. Machi 1961 Sullivan akawapa muda mrefu tu kwenye kipindi, Richard Burton na Julie Andrews na Robert Goulet wakaimba, na kesho yake asubuhi foleni ya tiketi ikajaa nje ya Majestic. Ukiangalia klipu ya Burton na Andrews pale ujue unaangalia watu wanaopigania kazi yao isifungwe, na mi naona inaonekana, Andrews ametulia kabisa ila hapotezi hata neno moja.

Kundi jingine ni matangazo. Pippin ya Bob Fosse, ya 1972, ndo ilionyesha njia: dakika moja tu kwenye TV, Ben Vereen na wasichana wawili wanacheza, hamna hadithi, hamna mbwembwe, afu sauti inakwambia dakika nyingine 119 utazikuta Imperial Theatre. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa anatangaza myuzikali kwa kuonyesha kipande cha shoo yenyewe namna hiyo. Pippin ikapiga shoo 1,944. Hii tafuta uiangalie hata kama hupendi dansi, angalia vidole na mabega, wale watu watatu karibu hawasogei na huwezi kutoa macho.

Kuna rekodi za shoo nzima, hizo nitazirudia huko chini. Na kuna Tony, zile tuzo za Broadway.

Tony, ambako ndo vita vyote viko

Tuzo za Tony zilianza kuonyeshwa Marekani nzima 1967, ABC, na CBS wanazo tangu 1978. Ule mwaka wa kwanza kabisa Joel Grey aliingia na Willkommen ya Cabaret, na mpaka leo ukiiona unaelewa kwa nini watu walikaa mbele ya TV wakasema kumbe huku kuna mambo. Mfumo ni uleule mpaka sasa: shoo inapewa dakika chache, inachagua wimbo, inaukata, inaubana, wakati mwingine inachanganya nyimbo mbili tatu, lengo mtu wa Texas anunue tiketi akienda likizo. Kwa hiyo ukiona ubeti umerukwa au muziki unakimbia kuliko kwenye albamu, usimlaumu muimbaji, ni saa ya TV hiyo. Na wengine siku hiyo wameamka alfajiri kwenda mazoezi ya kamera, wakapiga shoo ya mchana, ndo wakaja kuimba usiku.

Kitu ambacho watu hawakiangalii kabisa ni ukumbi. Zamani sherehe ilikuwa inafanyika kwenye kumbi za Broadway zenyewe. 1976 ilikuwa Shubert Theatre, ukumbi uleule A Chorus Line ilipokuwa inachezwa kila siku, kwa hiyo shoo ya TV ilivyofunguliwa na ule wimbo wao wa mwanzo wale wachezaji walikuwa nyumbani kwao, steji yao, taa zao, mstari wao uleule wa kusimama. 1982 ikawa Imperial, na Dreamgirls ilikuwa inachezwa hapohapo Imperial. Sasa kuanzia 1997 wakaanza kwenda Radio City Music Hall, viti karibu elfu sita. Shoo iliyotengenezwa kwa ukumbi wa watu elfu moja na mia kadhaa unaitupa mle, inatapatapa. Zinazopona ni zile kubwa, mfano The Lion King 1998, ile asubuhi ya wanyama ilijaza steji vizuri tu (na jamani wale mnaowaambia Wazungu kwamba ule mwito wa mwanzo ni Kiswahili, acheni, ni Kizulu). Kwa hiyo mtu akikwambia "waimbaji wa zamani walikuwa wanagusa moyo kuliko wa sasa" muulize kwanza hizo klipu zake za zamani zimepigwa kwenye ukumbi gani.

Angalia mara tatu, na kila mara kitu kingine

Hii ndo njia ninayoitumia. Mara ya kwanza vaa hedifoni angalia mpaka mwisho bila kusimamisha na bila kusoma maoni ya watu huko chini, kwa sababu ukishasoma tu utaanza kusikia walichosikia wao. Mara ya pili zima sauti. Hapo angalia kamera tu: inakata picha kila baada ya muda gani, inaingia usoni wakati gani, je miguu ya wachezaji unaiona au unaona vifua? Mara ya tatu funga macho sikiliza.

Jaribu hiyo kwa Turkey Lurkey Time ya Promises, Promises kwenye Tony za 1969. Mara ya kwanza utacheka, ni sherehe ya Krismasi ofisini na wanaimba maneno ya kitoto ya bata mzinga, unajiuliza hivi kweli watu wazima wanagombania hii? Sasa zima sauti. Wako wasichana watatu mbele, Donna McKechnie, Baayork Lee na Margo Sappington, dansi kapanga Michael Bennett miaka michache tu kabla ya A Chorus Line, na inaanza kidogokidogo, kichwa, bega, afu shingo zinaanza kurushwa nyuma mpaka unaogopa, afu ofisi nzima inaingia, kila ukidhani wamefika mwisho wanaongeza. McKechnie mgongo wake sijui una mifupa ya aina gani. Rudi sasa usikie na sauti, utakuta ule wimbo wa kitoto umekuwa kitu kingine. Kuna mashabiki wanaodai hiyo ndo dansi bora iliyowahi kuonyeshwa na Tony na kuna wanaosema ni kelele za miaka ya sitini tu, ila walioizima sauti wote wako upande mmoja, na mi niko nao.

Kinyume chake ni Jennifer Holliday 1982, And I Am Telling You I'm Not Going ya Dreamgirls. Hii funga macho kabla ya kitu chochote. Ana miaka 21 tu. Tafuta toleo refu linaloanza na ule ugomvi wa kundi zima, usichukue lile lililokatwa linaloanzia kwenye wimbo, kwa sababu Effie, yule anayemuigiza, pale ameshatolewa kwenye kundi la waimbaji na mwanaume wake kamuacha ndani ya dakika zilezile, na ukikosa hilo utasikia mtu anapiga kelele bila sababu. Ndo maana watu wanaosema "anapayuka" wengi wao wameona klipu fupi. Sikiliza anavyoshuka: kuna sehemu sauti inatoka tumboni inakuwa kama mngurumo, afu anaivuta juu safi kabisa, afu anaikwaruza tena kwa makusudi. Ukifungua macho utaona mwili nao unafanya hivyohivyo, anajikunja, anajipiga. Mi sio mpenzi wa kuimba kwa nguvu, na mashindano yote ya kuimba ya TV yaliyokuja baadae yameuharibu huu wimbo kwa kuufanya kipimo cha mapafu, lakini hii ya kwanza ukinipa niichambue sina pa kuanzia kulaumu.

Kuhusu bando: hizi klipu za zamani nyingi zilirekodiwa na watu majumbani kwa kanda za video, kwa hiyo hata ukiweka 1080 utaona uleule ukungu, sema umelipia zaidi. Weka 360 inatosha, bando tunza kwa ajili ya shoo nzima. Na maelezo chini ya klipu usiyaamini moja kwa moja, mwaka unakosewa sana, angalia nani yuko kwenye steji na nani anatangaza.

Ukitaka kulinganisha, linganisha vinavyolingana

Gypsy ndo Simba na Yanga ya mashabiki wa Broadway, ukilitaja tu jina la Rose, yule mama wa kwenye hadithi anayelazimisha wanae wawe nyota, watu wanakaa upande wao. Ethel Merman aliianza 1959, afu Angela Lansbury, Tyne Daly, Bernadette Peters, Patti LuPone, na Audra McDonald juzijuzi, mwanamke Mweusi wa kwanza kucheza Rose Broadway. Watu wanachukua klipu ya LuPone ya Tony 2008 wanaiweka pembeni ya klipu ya Peters ya 2003 wanapiga kura. Sasa jamani, LuPone 2008 aliimba Everything's Coming Up Roses, wimbo unaofunga nusu ya kwanza, mama bado ana matumaini ya kichaa. Peters 2003 aliimba Rose's Turn, mwisho kabisa, mama kaachwa na kila mtu anaimba peke yake gizani. Unapimaje hizo? Mmoja anapanda mlima mwingine kashaanguka.

Ya haki ni Peters 2003 na Audra 2025. Wimbo mmoja, wote Radio City, miaka 22 katikati. Hapo kaa chini ulinganishe vizuri. Usianze na noti za juu, anza na ile sehemu Rose anapokwama kwenye neno "mama", analirudia linakataa kutoka, muziki unamngoja. Kila mwigizaji anaonyesha pale kaisoma vipi hiyo nafasi nzima. Peters ni mdogo wa umbo na sauti yake ina mikwaruzo, watu wengi walikuwa wanamuona sio Rose kabisa tangu siku alipotangazwa, na mi naona udogo wake ndo unaniuma, unaona mtu ambae angeweza kuwa nyota mwenyewe. Audra kasoma uimbaji wa kiopera chuo cha Juilliard, soprano kabisa, yani sauti ya juu, kwa hiyo pale ambapo Merman alikuwa anaimba kwa sauti nzito ya kifua yeye kuna sehemu anahamia kwenye sauti nyepesi ya kichwani, na hapo ndo mashabiki waligawanyika vibaya: wengine wanasema wimbo umepoteza mgongo wake, wengine wanasema yale machozi na ile hasira hawajawahi kuviona kwa Rose yeyote. Pande zote mbili zina hoja, kwa sababu moja inazungumzia sauti nyingine inazungumzia uigizaji, wanapishana tu barabarani.

Na ukitaka kuchokoza watu waambie hivi: Merman, Peters na Audra wote hawakupata Tony kwa Rose, Lansbury, Daly na LuPone wote walipata. Weka simu chini, nenda kapike.

Laivu za TV, za zamani na za juzi

Hizi ni myuzikali zinazochezwa na kurushwa moja kwa moja kwenye TV, hapa nitapita haraka. Za zamani: Peter Pan ya Mary Martin, NBC, tarehe 7 Machi 1955, watu kama milioni 65, waliihamisha kutoka Broadway karibu nzima na kuirusha moja kwa moja. Cinderella ya Julie Andrews 1957, hiyo Rodgers na Hammerstein waliiandika kwa ajili ya TV. Zote mbili zilirushwa kwa rangi ila kilichobaki ni nyeusi na nyeupe, kwa sababu kabla kanda za video hazijazoeleka walikuwa wanaweka kamera ya filamu mbele ya skrini ya TV na kuipiga picha, wanaita kineskopu. Kwa hiyo zile nyuso zilizofifia na sauti nyembamba usiziweke kwenye deni la Julie Andrews.

Za sasa zilianza tena na The Sound of Music Live! ya NBC, Desemba 2013, na Carrie Underwood, mwimbaji wa kantri, watu zaidi ya milioni 18, na nadhani nusu yao walikuja kucheka. Uigizaji wake ulikuwa mgumu, hilo siwezi kumtetea, ila kumbuka hakukuwa na watazamaji studio, wimbo unaisha kimyaaa unaenda kwenye tangazo, hata mzoefu angeonekana amepoa. Audra akaja na Climb Ev'ry Mountain akaonyesha kwamba kimya kinaweza kujazwa. Grease ya Fox 2016 na Jesus Christ Superstar ya 2018 waliweka watu wakapiga kelele, na tofauti utaisikia ndani ya dakika mbili. Rent ya 2019 ihukumu kwa huruma, Brennin Hunt aliumia mguu kwenye mazoezi ya mwisho na sehemu kubwa iliyorushwa ilikuwa ni rekodi ya hayo mazoezi, waimbaji wengine walikuwa wanajibania sauti kwa ajili ya kesho yake.

Kabla hujaandika maoni yako

Taja mwaka, ukumbi na sekunde. "Dakika ya pili na nusu anachelewa kuingia, ila nadhani ni makusudi" ni maoni ambayo mtu anaweza kuyajibu. "Hajui kuimba" hayana pa kushikia. Akitokea yule wa "mi nilikuwepo ukumbini", usimdharau na usimpigie magoti pia, muulize alikaa wapi na siku ile sauti ilikuwaje, wengi wanafurahi kuulizwa na wanakupa vitu ambavyo kamera haikuviona. Ukitaka kuwazidi kidogo, angalia rekodi za shoo nzima: Sweeney Todd ya 1982 na Lansbury na George Hearn, Sunday in the Park with George na Mandy Patinkin na Peters, Into the Woods iliyorekodiwa 1989 na waigizaji wake wa kwanza. Hizo zina wimbo ndani ya hadithi yake, na ukitoka hapo klipu ya dakika nne utaiona ilivyonyofolewa. Nyingine nyingi ziko kwenye hazina ya maktaba ya New York pale Lincoln Center, wanarekodi tangu 1970, ila mpaka uende mwenyewe ukae kwenye kiti chao uangalie, mtandaoni hawaweki.

Na Tony za mwaka huu kama unataka kuzifuata zikiwa za moto, huku kwetu Afrika Mashariki zinaanza saa tisa usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo Jumapili lala saa mbili, simu iwe imejaa chaji, na kazini waambie una mafua mapema.